TAHARIRI: Kumtuliza anayetibiwa kwa mionzi si anasa, ni sehemu ya tiba

Kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kuna Wakenya wanaoamka kabla ya jogoo, wanapanda matatu na kwenda kulala kwenye meza ngumu hospitalini kwa robo saa hivi, kisha wanarudi nyumbani. Kesho yake wanarudia. Wengine hufanya hivyo kwa wiki tatu, wengine hadi saba. Hawa ni wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa mionzi. Huenda mmoja wao ni mathe wako, shangazi yako, mzee wa ploti mnayoishi au rafiki mliyeketi naye dawati moja.

Ukimuuliza mtu yeyote mtaani wagonjwa hawa wanahitaji nini, atakwambia mashine na dawa. Ni kweli, na hatutaacha kulisema hilo. Lakini kuna swali ambalo huulizwa mara chache sana: mgonjwa mwenyewe anajisikiaje akiwa katikati ya matibabu? Analala vizuri kwenye ile meza? Ana baridi? Anaona haya? Anaweza kumeza chakula jioni? Kuna mtu amemweleza kinachoendelea?

Msimamo wetu ni kwamba maswali hayo si ya kubembelezana tu. Majibu yake ndiyo huamua kama mgonjwa atamaliza matibabu au ataachia njiani. Na wewe kijana, ambaye kila mara ndiye hutumwa kumsindikiza mgonjwa kwa sababu "wewe unajua mambo ya Nairobi", una kazi hapa.

Mashine zimeongezeka, lakini hazitoshi peke yake

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha kwamba mwaka wa 2022 Kenya ilikuwa na visa vipya zaidi ya 44,000 vya saratani, na vifo zaidi ya 29,000. Duniani kote, inakadiriwa kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani katika matibabu yao. Kwa hivyo hatuzungumzii watu wachache.

Utakumbuka Julai 2019. Ndani ya mwezi mmoja, saratani ilituondolea aliyekuwa mkuu wa Safaricom Bob Collymore, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Nchi nzima ikaanza kupiga kelele kuhusu mashine. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma yenye matibabu ya mionzi. Mtu alitoka Turkana, mwingine Kwale, wote wakapanga foleni moja, na foleni yenyewe ilikuwa ya miezi.

Leo hali ni nafuu kidogo. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine za kisasa, na huduma ya mionzi imefika katika hospitali za rufaa za Mombasa na Nakuru. Hospitali kadhaa za kibinafsi nazo zinatibu. Hizo ni hatua, na zilitokana na watu kukataa kunyamaza.

Lakini mashine haimalizi kazi ikiwa anayelala chini yake amechoka, anaogopa na hana nauli ya kesho.

Kwa nini kukosa siku moja ni hasara

Hebu tuelewane kuhusu namna mionzi inavyofanya kazi. Daktari hampi mgonjwa dozi yote siku moja. Inagawanywa vipande vidogo vidogo, kipande kimoja kila siku ya kazi. Mionzi huharibu seli za saratani, na pia hugusa seli nzima zilizo jirani. Seli nzima zina uwezo mzuri zaidi wa kujirekebisha, na zile saa kati ya kipindi kimoja na kingine huzisaidia kupona.

Sasa mgonjwa akikosa siku tatu kwa sababu koo linamuuma, au wiki nzima kwa sababu aliona aibu kurudi, seli za saratani zilizobaki nazo hupata nafasi ya kuzaana upya. Kwa baadhi ya saratani, kama zile za shingo ya kizazi na za kichwa na shingo, inajulikana kwamba matibabu yanayorefushwa na mapengo hupunguza uwezekano wa kupona. Wakati mwingine madaktari hulazimika kupanga upya ratiba ili kufidia siku zilizopotea.

Ndiyo maana tunasema utulivu wa mgonjwa ni sehemu ya tiba. Kidonge cha maumivu kilichomezwa kwa wakati, shuka la kujifunika, bakuli la uji unaopita kooni bila kuwasha: vitu hivi ndivyo humfanya mtu arudi kesho.

Ndani ya chumba kuna nini?

Watu wengi mtaani huita mionzi "kuchomwa". Neno hilo peke yake linatosha kumkosesha mtu usingizi. Wewe ukishajua ukweli, msaidie mgonjwa wako kulitoa kichwani.

Mionzi ya kutoka nje ya mwili haiumi inapopita. Ni kama kupigwa picha ya eksirei: huoni kitu, husikii joto. Mashine huzunguka na kutoa sauti, lakini haimgusi mgonjwa. Mionzi yenyewe huwaka kwa dakika chache tu. Muda mwingi wa kile kipindi hutumika kumweka mgonjwa sawasawa, kwa sababu kusogea hata kidogo kunaweza kupeleka mionzi mahali isipotakiwa.

Kabla ya kuanza, kuna siku ya mipango. Mgonjwa hupigwa picha za CT akiwa amelala jinsi atakavyolala kila siku, na ngozi yake huwekwa alama ndogo za wino au nukta za chale. Alama hizo zisisuguliwe wakati wa kuoga. Anayetibiwa kichwa au shingo hutengenezewa barakoa ya plastiki: inalainishwa kwa maji moto, inawekwa usoni ikiwa bado laini, kisha inapoa na kushika umbo la uso wake. Ina matundu na anaweza kupumua, lakini inafungwa kwenye meza ili asisogeze kichwa. Kwa mtu anayeogopa kubanwa, hilo si jambo dogo.

Wataalamu wakishampanga, hutoka chumbani. Hapa ndipo wengi huingiwa na hofu, wakidhani wameachwa. Hawajaachwa. Wanaonekana kwa kamera na wanasikika kwa kipaza sauti. Mgonjwa akiinua mkono au akiita, mashine inaweza kusimamishwa na mtu aingie. Mwambie mgonjwa wako jambo hili kabla ya siku ya kwanza, usingoje alijue akiwa tayari amelala pale.

Halafu kuna haya ya kuuliza. Kuuliza si kusumbua:

Mgongo au magoti yanauma kwenye meza? Omba kitu cha kuwekwa chini ya magoti.

Maumivu ni makali kiasi cha kushindwa kulala chali? Muulize daktari kama dawa ya maumivu imezwe nusu saa au saa moja kabla ya kuingia.

Barakoa inatisha? Sema mapema. Omba kuishika na kuijaribu, na kufundishwa kupumua polepole. Mahali pengine matundu ya macho yanaweza kupanuliwa.

Chumba kina baridi? Omba kufunikwa sehemu zisizotibiwa. Leso ya nyumbani inatosha, na mama akijifunga leso yake mwenyewe huwa na amani zaidi kuliko akiwa na gauni lililo wazi nyuma.

Ukimya unamtisha? Uliza kama muziki unaweza kuchezwa. Wewe ndiye mjuzi wa plejilisti; mwekee nyimbo za kwaya au rhumba anazopenda yeye, si zako.

Ameambiwa aje na kibofu kilichojaa? Hiyo ni kawaida kwa matibabu ya sehemu za nyonga, kwa sababu kibofu kikijaa husukuma viungo vingine mbali na mionzi. Uliza anywe maji kiasi gani na saa ngapi, na uwaambie wahudumu foleni ikichelewa. Kumkalisha mzee wa miaka 70 kwenye benchi akijibana kwa saa moja ni mateso yanayoweza kuzuiwa.

Na jambo moja la kumaliza uvumi: aliyetibiwa kwa mionzi ya nje hatoki na mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mtoto, kula sahani moja nanyi na kulala kitanda kimoja na mwenzake. Zipo tiba nyingine za mionzi, kama ile ya kumeza ayodini kwa saratani ya tezi ya shingo, ambazo huwa na masharti yake kwa siku kadhaa. Hospitali itawaeleza. Lakini kumtengea shosho kikombe chake kwa sababu "ameenda mionzi" ni kumuumiza bure.

Kazi iliyobaki nyumbani

Chumba cha mionzi ni robo saa. Saa zilizobaki ziko nyumbani, na huko ndiko madhara huonekana, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu.

Uchovu ndio wa kwanza. Huu si uchovu wa kutoka kazini. Mtu anaweza kulala usiku mzima na aamke amechoka. Usimwite mvivu. Chukua mtungi wa maji, fua, pika. Lakini pia usimfungie kitandani. Kutembea kidogo kila siku, hata kuzunguka ploti, husaidia kupunguza uchovu.

Ngozi ya mahali panapotibiwa huweza kukauka, kuwasha na kubambuka. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi haiwi nyekundu kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Huwa nyeusi zaidi. Kwa hivyo usisubiri wekundu ndipo useme kuna tatizo. Aoge kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, ajikaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Asipake mafuta, krimu wala manukato sehemu hiyo kabla ya kuuliza. Asiweke barafu wala chupa ya maji moto. Jua lisimpige hapo. Nguo ziwe za pamba na zisizobana. Shati kubwa la vifungo la mtumba kutoka Gikomba linamfaa kuliko sweta ya kubana. Wanaotibiwa matiti waache sidiria yenye waya kwa sasa.

Wanaotibiwa kichwa, shingo au umio, na saratani ya umio ni nyingi hapa kwetu, hupata vidonda mdomoni, mate hukauka na kumeza huwa kazi. Anayetibiwa kichwa na shingo aonwe na daktari wa meno kabla ya kuanza, kwa sababu kung'oa jino baada ya mionzi kunaweza kuleta shida ya mfupa. Apige mswaki laini. Asukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, na aepuke dawa za kusukutua zenye pombe. Chakula kiwe laini: uji, mala, mayai, viazi vya kupondwa, parachichi, supu iliyopoa. Pilipili, ndimu na achari vingoje. Uzito ukianza kushuka, semeni hospitalini upesi.

Wanaotibiwa tumbo la chini, kwa mfano kwa saratani ya shingo ya kizazi au ya tezi dume, huweza kuharisha na kusikia mkojo ukichoma. Wanywe maji ya kutosha, na mtaalamu wa lishe awaambie vyakula gani wapunguze kwa muda.

Kuna na hili: kama unavuta sigara, usivute ndani ya bedsitter mnayolala na mgonjwa. Na kama mgonjwa mwenyewe anavuta, mtafutie msaada wa kuacha. Uvutaji huongeza madhara ya mionzi, na kwa saratani za kichwa na shingo hupunguza nguvu ya matibabu.

Madhara mengi hufikia kilele wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho. Ndugu wengi huondoka siku ile mgonjwa "anapomaliza". Hiyo ndiyo siku ya kubaki.

Aibu nayo inaua

Saratani ya matiti, ya shingo ya kizazi na ya tezi dume ni kati ya zinazoongoza Kenya. Zote zinatibiwa katika sehemu za mwili ambazo tumefunzwa kufunika. Fikiria mama wa miaka 55 anayevua nguo mbele ya vijana wa umri wa wanawe, kila siku, kwa wiki tano. Huenda asilalamike. Atakachofanya ni kuacha kwenda.

Mgonjwa ana haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yake pale anapopatikana, ya kufunikwa, na ya kuelezwa kabla ya kuguswa. Kama umemsindikiza mamako na wewe ni mvulana, jua wakati wa kutoka nje na kumwachia dada au shangazi nafasi ya kuzungumza na daktari. Kuna maswali ambayo hawezi kuyauliza ukiwa pale.

Na wewe msomaji, kama ni wewe unayetibiwa ukiwa na miaka 20 na kitu, uliza kuhusu uzazi kabla ya kipindi cha kwanza. Mionzi ya nyonga inaweza kuathiri uwezo wa kupata mtoto na maisha ya ndoa baadaye. Zipo njia za kujiandaa, lakini nyingi zinataka ianzwe mapema. Daktari asipolitaja, litaje wewe. Hakuna swali la aibu hapo.

Tunachodai

Kwa wakuu wa hospitali na serikali za kaunti: mengi ya haya hayahitaji mabilioni. Wapeni wagonjwa saa maalum ya kufika badala ya kuwaita wote saa kumi na mbili asubuhi. Mashine ikiharibika, tumeni ujumbe wa simu kabla mtu hajapanda basi kutoka Kitui. Wekeni viti vyenye mgongo, choo safi karibu, pazia linalofunga na magauni ya kutosha. Mwelezeni mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Kwa Wizara ya Afya: mgonjwa anayehitaji wiki sita za mionzi na anatoka mbali anahitaji mahali pa kulala. Leo wengi hulala kwa jamaa wanaoishi chumba kimoja, na wengine hukata tamaa kabla ya kuanza. Nyumba za malazi karibu na vituo vya mionzi ziwe sehemu ya mpango. Na mamlaka ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ihakikishe idhini ya malipo haikwamishi mtu katikati ya matibabu. Familia nazo ziulize mapema: tumesajiliwa? Tumelipa? Kikomo cha malipo ya saratani kwa mwaka kimebaki kiasi gani? Jibu la maswali haya lisipatikane siku ya kipindi cha kumi.

Kwako kijana: chukua simu yako uitumie vizuri. Weka tarehe zote za vipindi kwenye kalenda. Andika kila siku mgonjwa amelalaje, amekula nini, anaumwa wapi, na umsomee daktari kwenye kliniki ya kila wiki. Gawaneni zamu na binamu, ili mzigo usibaki kwa dada mmoja tu kwa sababu ni msichana. Usipige picha ya mgonjwa na kuiposti bila ruhusa yake, hata kama unachangisha. Na ile video ya majani ya mstafeli yanayotibu saratani, tafadhali isiishie kwenye grupu ya familia. Mgonjwa akitumia dawa yoyote ya mitishamba, daktari ajue.

Msaada upo pia nje ya wodi. Nairobi Hospice imekuwa ikihudumia wagonjwa tangu 1990, na Faraja Cancer Support Trust hutoa ushauri nasaha na huduma za kupunguza msongo kwa wagonjwa na jamaa zao. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha huduma shufaa. Watu huogopa jina hilo wakidhani ni la wanaokata roho. Kazi yake ni kupunguza maumivu, na mgonjwa anaweza kuhudumiwa huko huku akiendelea kutibiwa apone.

Kama kuna mtu unayemjua anayeenda mionzi wiki hii, mpigie leo. Usimuulize tu "unaendeleaje", kwa sababu atasema "niko sawa". Muulize kesho anaenda saa ngapi, anaenda na nani, na nauli ya kurudi anayo.